Wenye usonji wanapoikataa tiba: Swali ambalo mzazi wa Voi hajaulizwa

KWA mzazi anayelea mtoto mwenye usonji mtaani Kaloleni, mjini Voi, hofu ya kwanza haitoki vitabuni. Hofu ni barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako malori hupita usiku na mchana. Hofu ni reli. Na viungani mwa mji hofu ni ndovu, kwa kuwa mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta, na wanyama hawatambui mpaka wa mbuga wala wa shamba la mtu. Mtoto asiyeitika anapoitwa jina lake, na ambaye huponyoka pindi mlango unaposahauliwa wazi, humnyima mamake usingizi kwa miaka.

Mzazi kama huyo akiambiwa kwamba ipo tiba inayoweza kumfunza mwanawe kuketi, kuitika, kumtazama anayemsemesha na kufuata maagizo, hatakuwa na maswali mengi. Atauliza inapatikana wapi na ni pesa ngapi.

Hata hivyo, kuna watu ambao wangependa aulize swali moja zaidi. Si madaktari, si wanasiasa, wala si wahubiri wanaodai kukemea mapepo. Ni watu wazima ambao wenyewe wana usonji, baadhi yao waliopitishwa katika tiba hiyo wakiwa wadogo, na ambao kwa zaidi ya miaka 20 sasa wamekuwa wakisema kwamba inadhuru. Malalamiko yao yamezua mijadala mikali Marekani, Canada na Uingereza. Nchini Kenya, ambako tiba yenyewe ingali ya wachache wenye uwezo, hayajasikika sana. Bidhaa imetangulia, onyo lililo juu ya chupa limebaki ng'ambo.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno maishani. Huathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Wapo wasiotamka neno maisha yao yote, na wapo maprofesa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Hapa nchini hesabu ya aina hiyo haipo. Sensa ya 2019, iliyopata watu 340,671 Taita Taveta, iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini haikuutaja usonji peke yake.

Wazungumzaji wa Kiingereza wamegombana sana kuhusu iwapo mtu atajwe kwanza ama usonji utangulie. Kiswahili kimeponea ugomvi huo, kwani "mwenye usonji" haliwaudhi wengi. Kinachowakera wahusika ni "mgonjwa wa usonji", maneno ambayo magazeti ya Kiswahili yangali yanayatumia bila kufikiri.

Tiba inayopingwa hujulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama ABA, yaani uchanganuzi wa tabia kwa nia ya kuibadilisha. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: tabia inayotuzwa hurudiwa, isiyotuzwa hufifia. Katika mtindo wake wa awali, mtoto huketishwa mezani mbele ya mkufunzi. Anaambiwa, "Nitazame." Akitazama, hupewa peremende au husifiwa. Asipotazama, hapewi kitu, na zoezi huanza upya. Somo kubwa hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikarudiwa mara kumi, ishirini au zaidi, hadi kiwe mazoea. Kila jibu la mtoto huandikwa.

Aliyeipatia sifa ni Ole Ivar Lovaas, mwanasaikolojia mzaliwa wa Norway aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1965 jarida la Life lilichapisha picha za kazi yake: watoto wakilishwa na kukumbatiwa walipofanya vyema, wakifokewa na kupigwa makofi walipokosea, na hata kutiwa katika chumba chenye sakafu iliyopitishwa umeme. Picha hizo hazikufichwa. Zilichapishwa kama habari njema.

Mwaka 1987 Lovaas alitoa utafiti uliobadili mkondo wa mambo. Kati ya watoto 19 waliofunzwa kwa saa 40 kila wiki kwa miaka miwili au zaidi, alisema, tisa walifikia kiwango cha kawaida cha akili na kuingia darasa la kwanza pamoja na wenzao. Wakosoaji walionyesha kwamba watoto hawakugawanywa katika makundi kwa kubahatisha, jambo linalodhoofisha matokeo, na kwamba ukali wa sauti na kofi la paja vilikuwa sehemu ya mafunzo. Lakini hesabu ile ya tisa kwa 19 ilikuwa imekwisha kuwaingia wazazi moyoni. Kufikia 2019 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yamezilazimu kampuni za bima kugharimia tiba ya aina hii.

Neno lililowavutia wazazi ni "kawaida". Na ndilo lililowachoma wenye usonji.

Mwaka 1993, katika kongamano la kimataifa kuhusu usonji lililofanyika Toronto, Canada, mwanaharakati Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Hoja yake ilikuwa kwamba usonji si ganda lililomfunika mtoto mwingine aliye mzima ndani yake, hivyo mzazi anayeomba usonji uondoke anaomba, bila kujua, mtoto aliye naye aondoke aje mwingine. Sinclair hakuwa anaizungumzia ABA hasa. Lakini ukikubali hoja hiyo, tiba ambayo lengo lake ni kumfanya mtoto asitambulike kuwa na usonji hugeuka kuwa mafunzo ya kujificha.

Aliyeipeleka hoja mahakamani ni Michelle Dawson wa Montreal, mwenye usonji aliyewahi kufanya kazi ya posta. Wazazi wa jimbo la British Columbia walikuwa wameishtaki serikali wakitaka igharimie tiba hiyo kwa watoto wao. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Canada, Dawson aliruhusiwa kuwasilisha maoni yake kuipinga. Novemba 2004 mahakama iliamua kwamba katiba haikuilazimu serikali kuigharimia. Uamuzi huo haukusema kuwa tiba ni mbaya. Ulihusu mipaka ya sheria ya afya. Ila mwaka huo huo Dawson aliandika insha iliyouliza kwa nini maswali ya maadili yanayoulizwa juu ya tiba za watu wengine wote hayakuwahi kuulizwa hapa, na kwa nini kesi iliyohusu watu wenye usonji ilifika kote huko bila yeyote kati yao kusikizwa.

Malalamiko yenyewe yanahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa wanaoyasikia mara ya kwanza hudhani ni ukaidi wa watu wasiotaka kusaidiwa.

Chukua suala la kupunga mikono, kuyumbayumba au kuzungusha kitu mbele ya macho. Kwa mtazamaji ni vituko. Kwa mhusika, wanasema, ni namna ya kutuliza mwili uliozidiwa na kelele, mwanga au furaha. Kumtuza mtoto ili aache ni kama kumnyang'anya mtu upepeo katika joto la Voi kwa sababu unawakera wageni. Joto halipungui, kinachotoweka ni dalili kwamba anaumia. Watafiti wamezidi kulichunguza jambo hili tangu katikati ya miaka ya 2010, na wameona kwamba watu wazima wenye usonji wanaojificha mno ili wafanane na wengine huelekea kuwa na uchovu mkubwa, wasiwasi, na hata mawazo ya kujiua.

Lipo lalamiko la pili ambalo ni zito zaidi, nalo linahusu utiifu. Mtoto aliyefunzwa kwa maelfu ya mazoezi kwamba mtu mzima akisema "fanya" ni lazima afanye, hata mwili wake unapokataa, amefunzwa pia kutokataa anapopaswa kukataa. Watoto wenye ulemavu hudhulumiwa kimwili na kingono zaidi ya wenzao. Hilo limethibitishwa na tafiti nyingi duniani. Mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya mtoto asiyejua kwamba "sitaki" ni neno lake pia.

Watetezi wa tiba wanajibu kwamba haya yote ni ya kale. Wanasema adhabu zimeachwa, saa 40 si sharti, mafunzo siku hizi hufanywa kwa michezo, na mtaalamu mwema hamzuii mtoto kupunga mikono iwapo hajiumizi. Kwa wengi wao hilo ni kweli, na si haki kumtia mkufunzi wa leo katika kapu moja na kliniki ya 1965. Lakini mabadiliko hayo hayakuja upesi. Katika kituo cha Judge Rotenberg, jimbo la Massachusetts, wakazi wenye usonji na ulemavu mwingine wamekuwa wakivishwa vifaa vinavyopiga ngozi kwa umeme. Mwaka 2002 kijana mmoja alipigwa umeme huo mara 31 kwa siku moja, na kanda ya video ikaonyeshwa mahakamani mwaka 2012. Mwaka uliofuata mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, Juan Méndez, alikosoa vikali matumizi hayo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaifuta marufuku hiyo 2021, bunge likairejeshea mamlaka hiyo uwezo wake mwishoni mwa 2022, na Machi 2024 marufuku mapya yakapendekezwa. Chama kikubwa cha kimataifa cha wachanganuzi wa tabia kilitangaza rasmi kupinga umeme huo mwaka 2022. Hiyo ni miaka 57 tangu picha za Life.

Kuhusu iwapo tiba inafaulu, ushahidi ni dhaifu kuliko unavyotangazwa. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Micheal Sandbank walikusanya tafiti 150 kuhusu misaada inayotolewa kwa watoto wadogo wenye usonji. Walipoweka kando zile zenye kasoro kubwa, faida zilizokuwa zikidaiwa na mbinu za tabia zilipungua sana. Baadhi ya watafiti hao walipochunguza tena mwaka 2021 ni tafiti ngapi kati ya hizo zilikuwa zimeandika madhara yaliyowapata watoto, walipata chache mno. Asiyetafuta madhara hawezi kuyaona, kwa hivyo dai la kwamba hayapo halina msingi.

Wazazi nao wana jibu lao, na haifai kulipuuza. Husema kwamba hao wanaoandika insha na kufika mahakamani si kama mtoto wao asiyesema, anayejigonga kichwa ukutani, ambaye akiwa na miaka kumi angali anavishwa nepi. Ni kweli kwamba usonji una sura nyingi. Lakini miongoni mwa wapinzani wamekuwemo wasiotumia mdomo. Mel Baggs wa Marekani, aliyefariki 2020, alitumia mashine ya kuandikia, na video aliyoitoa mwaka 2007 iliwaonyesha mamilioni kwamba miondoko iliyodhaniwa haina maana ilikuwa lugha yake. Hapa inahitajika tahadhari: mbinu ambayo mtu mwingine humshikia mkono mtoto ili aandike imechunguzwa mara nyingi, ikabainika kwamba anayeandika ni yule anayeshika. Anayetaka kumpa mtoto sauti ampe picha, ishara au tabuleti anayoweza kuitumia mwenyewe.

Sasa turejee pwani. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na wanasayansi akiwemo Joseph Gona na Amina Abubakar, ukachapishwa 2015, ulionyesha kwamba wazazi na wataalamu walitaja mapepo, uchawi na laana kando ya maambukizi na matatizo ya uzazi kuwa chanzo cha usonji, na kwamba familia nyingi huzunguka kwa mganga, kwa maombi na hospitalini kwa wakati mmoja. Utafiti mwingine wa wenzao hao, wa 2016, ulieleza unyanyapaa, gharama na upweke wa walezi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba hali ya Taita Taveta ni tofauti sana. Voi ina hospitali ya rufaa ya kaunti, Hospitali ya Moi, lakini wataalamu wa matamshi na wa ukuaji wa watoto ni wachache nchini kote na wengi wako Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300.

Katika elimu, kilicholetwa na wazazi ndicho kilichotangulia. Chama cha Usonji cha Kenya kiliundwa na wazazi mwaka 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa mwaka huo katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, Nairobi. Lakini kwa watoto wengi wa mashinani, mbinu ya kubadilisha tabia haikuwahi kuwa peremende mezani. Imekuwa kiboko. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku 2001, Katiba ya 2010 ikaikataza katika Kifungu cha 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikairudia katazo hilo; bado haijatoweka. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwamba kwa mtoto anayechapwa kwa sababu hawezi kutulia, ABA ya kisasa ni nafuu kubwa. Ni nafuu. Wanachosema wapinzani ni kwamba zote mbili zinaanza na swali lile lile: tutamfanyaje atii? Swali la kwa nini hatulii, iwapo ni kelele za darasa la watoto 60, mabati yanayowaka joto au tumbo linalomuuma asiloweza kulitaja, halijaulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo waliobuni tiba hii hawakulifikiria. Zoezi lake la kwanza ni kumtazama mtu mzima machoni. Katika jamii nyingi za Kenya, mtoto anayemkazia macho mzee wakati wa kusemeshwa huonekana amekosa adabu. Mtoto wa Kitaita mwenye usonji akilipiwa mkufunzi amfundishe kukazia watu macho, atakuwa amefunzwa adabu za California kisha akemewe na babu yake Sagalla. Mfano huu waweza kuchekesha, ila unaonyesha kwamba kinachoitwa dalili ya usonji wakati mwingine ni desturi ya mahali fulani tu.

Aidha, mzazi hana njia rahisi ya kumtambua mtaalamu wa kweli. Tangu 2023 bodi ya Marekani iliyokuwa ikiwaidhinisha wachanganuzi wa tabia kutoka nchi mbalimbali haipokei waombaji wapya wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Cheti kinachoning'inizwa ukutani chaweza kuwa cha miaka mitatu ya masomo ama cha wiki moja ya mtandaoni.

Je, mzazi wa Kaloleni aache mtoto akimbilie barabarani kwa kuwa kumfunza ni kumwonea? Hakuna mpinzani makini anayesema hivyo. Wanatenganisha mafunzo ya kujikinga, kula, kwenda msalani na kuwasiliana, ambayo mtoto anayahitaji, na mafunzo ya kumfanya asionekane wa ajabu, ambayo wanaoyahitaji ni majirani. Mlango unawekewa komeo la juu, mtoto anashonewa namba ya simu kwenye nguo, wenye maduka na waendeshaji bodaboda wanamjua kwa sura, naye anafunzwa pole pole, kwa picha, kwamba barabara haivukwi bila kushikwa mkono. Hayo hayahitaji saa 40 wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo.

Karibu na mkondo huo ni mafunzo ya walezi yaliyotayarishwa na WHO: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kutolewa na wasio wataalamu, mzazi akijifunza kumfuata mtoto katika mchezo na kazi za nyumbani badala ya kumketisha mezani. Yamefanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia katika mradi wa utafiti uitwao SPARK. Nayo yamechota katika mbinu za tabia, na wapo wenye usonji wasioyaamini kabisa. Lakini ni programu inayoweza kufika Voi, Mwatate au Taveta bila mzazi kuuza ng'ombe, na inayoweza kurekebishwa pale walengwa wanapolalamika.

Kisheria, msingi upo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, mkataba unaozitaka serikali kushauriana na watu wenye ulemavu wenyewe, watoto wakiwemo, katika maamuzi yanayowahusu. Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ilitiwa saini 2025, ikachukua mahali pa ile ya 2003. Mpango wa maendeleo wa Kaunti ya Taita Taveta unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na utakaofuata lazima upitie vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, wadi ya Kaloleni ikiwa mojawapo. Vikao hivyo huwa na umati, vipaza sauti na watu kukatana kauli, mazingira ambayo wengi wenye usonji hawawezi kuyastahimili hata kwa dakika kumi. Lakini maoni ya wananchi yanaweza pia kuwasilishwa kwa maandishi, na karatasi haina kelele.